Shajara ya mradi: mguu wa mende na maneno 1,024 ya kumbukumbu

JUMAMOSI, mwanzo

Naanza na masharti maana bila masharti hii kitu itakuwa mchezo tu. Nataka kuandika programu ya kuchambua mapigo ya seli za neva kama walivyokuwa wanaandika watu wa miaka ya 60 kwenye kompyuta iitwayo LINC, na sijipi nafasi kubwa kuliko waliyokuwa nayo wao. Maneno 1,024 (neno hapa ni kisanduku kimoja cha kumbukumbu), kila neno biti 12, basi. Humo humo ikae programu, humo humo data, humo humo vihesabio. Ukipiga hesabu ni baiti 1,536, yaani voisi noti ya shangazi ya sekunde moja haiingii humo, hapo bado hajamaliza hata salamu.

Kwa nani asiyeijua LINC: ni kompyuta iliyobuniwa na Wesley Clark na Charles Molnar pale Lincoln Laboratory ya MIT, ikaonekana inafanya kazi 1962. Kipindi kile kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi maalumu, unapeleka kadi zako dirishani unaondoka unasubiri majibu, kama vipimo vya maabara vile. Wao wakasema hapana, mtafiti awe na yake pembeni ya meza, ina kioo, ina mkanda wa kuhifadhia, ina volyumu nane za kuzungusha kwa mkono, na ina matundu ya kuingizia umeme moja kwa moja kutoka kwenye jaribio. Aprili 1962 wakaibeba mpaka Bethesda, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, NIH, maabara ya Arnold Starr, wakaiunganisha na paka aliyewekewa elektrodi, na majibu ya ubongo wake kwa sauti yakatokea kwenye kioo wakati paka yupo palepale hai. Inasimuliwa kwamba walicheza ngoma kuizunguka mashine. Mimi ni fundi vifaa tiba, nimewasha mashine nyingi tu na sijawahi kuicheza hata moja, kwahiyo nilipoisoma hiyo nikasema lazima nijue waliona nini.

Paka sina na hata ningekuwa naye nisingethubutu. Mende ninao.

JUMAPILI

Amplifaya. Aisi mbili za TL072, betri mbili za volti 9, boksi la biskuti la bati kuzuia kelele, na waya mwembamba niliouvua kwenye hedifoni mbovu. Spaiki, yaani ule mshtuko mfupi wa umeme ambao seli ya neva inaurusha, ukiupima kwa nje ni maikrovolti tu, na wenyewe unadumu milisekunde moja hivi, kwahiyo lazima uukuze mara 1,000 ndio saundikadi ya laptopu iuone. Nimechoma risasi mpaka saa sita usiku, moshi mwingi, mke wangu akafungua madirisha yote bila kusema neno. Ukimya wake naujua.

Imewaka. Inatoa mvumo tu.

JUMATANO

Leo ndio leo. Mende mkubwa wa chooni, nimemlaza kwenye barafu ndani ya kopo la aiskrimu mpaka akatulia kabisa, nikakata mguu mmoja wa nyuma, yeye mwenyewe nikamuachia akaondoka na mitano. Pini moja kwenye paja, nyingine chini kidogo ya goti, nikaunganisha spika ndogo, nikagusa miiba ya mguu kwa njiti ya kiberiti.

Prrrp.

Aisee. Nikagusa tena, prrrrp. Ni kama bisi zinapasuka kwenye sufuria yenye mfuniko. Mguu umeshakatwa, hauna mwenye mguu, lakini kila nywele ukiigusa inapiga kelele kwenda kwenye ubongo ambao haupo. Dogo wa dada yangu alikuwa amesimama mlangoni anaona kinyaa, baada ya dakika mbili kashanipokonya njiti.

Nimerekodi dakika kumi. Mguu unaishi muda mzuri tu usipoacha ukauke.

ALHAMISI, hesabu zinanigomea

Sasa nimekaa kwenye programu yenyewe. Sijaiga LINC nzima, nimeandika kwa Python kitu kinachofuata sheria zake zile zinazobana: maneno 1,024, kujumlisha kwa mtindo wa biti 12 kama wao, ingizo la umeme linalosomwa kwa namba kuanzia −127 mpaka 127 tu, na kioo cha nukta 512 kwa 512. Sauti ya laptopu naipunguza kutoka sampuli, yaani vipimo, 44,100 kwa sekunde mpaka 10,000 maana spaiki ya milisekunde moja ukiipa nukta kumi inatosha kuijua.

Sampuli 10,000 kwa sekunde na kumbukumbu maneno 1,024. Hata kama programu isingekuwepo kabisa, kumbukumbu yote inajaa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Nikasema sawa, kuna mkanda. Mkanda wa LINC una bloku 512, kila bloku maneno 256, jumla maneno 131,072, kwa kasi hiyo ni sekunde 13. Kumi na tatu! Mimi nina dakika kumi.

Nimekaa hapo na chai imepoa. Alafu nikakumbuka wale wanafiziolojia walivyofanya: hawakuhifadhi umbo la mawimbi. Waliamua spaiki zote za seli moja zinafanana, kwahiyo umbo halina habari, habari ipo kwenye MUDA, imepiga saa ngapi na imekaa kimya muda gani mpaka kupiga tena. Ukitupa kila kitu ukabaki na muda kati ya spaiki na spaiki, neno moja kwa kila spaiki, mguu unaopiga mara 50 kwa sekunde unaingia kwenye mkanda uleule zaidi ya dakika 43. Kutoka sekunde 13 mpaka dakika 43 kwa kukubali kutupa tu.

Na hii si kwamba ni ya kizamani. Elektrodi za Neuropixels za siku hizi zina chaneli 384, kila moja sampuli 30,000 kwa sekunde, diski zinajaa kama ndoo chini ya bomba, na mwisho wa siku mtu anakaa anazichuja mpaka abaki na orodha ya muda wa spaiki. Tofauti ni kwamba wao wanatupa baadaye, LINC ilikuwa inakulazimisha utupe hapohapo huku mnyama yupo mezani, na ukikosea ndio basi tena.

IJUMAA

Programu ya kwanza inafanya kazi. Inasoma sampuli, ikivuka kizingiti inaandika muda, inasubiri milisekunde moja isije ikahesabu spaiki moja mara mbili, inaendelea. Kizingiti kinatoka kwenye volyumu, kama wao, nimefunga volyumu ya redio ya zamani kwenye Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta, dogo anazungusha huku anasikiliza bisi na kuangalia kioo mpaka mstari unakaa juu ya kelele na chini ya spaiki kubwa. Nilikuwa nimeandika fomula ya kutafuta kizingiti kwa hesabu, maneno 60 imekula. Nimeifuta. Dogo anakula maneno manne.

Spaiki ndogo za seli nyingine nimeziacha. Najua zipo.

JUMAPILI, histogramu

Wanaofuatilia haya mambo wanajua 1960 Gerstein na Kiang walichapisha kwenye Biophysical Journal namna ya kuchambua seli moja kwa kompyuta: unapiga mlio, unahesabu spaiki zimetokea milisekunde ngapi baada ya mlio, unarudia mara nyingi unarundika pamoja, na mchoro wa mrundiko huo ndio histogramu. Seli moja ukiipiga mara moja haikwambii kitu, inapiga leo spaiki tatu, kesho tano, mara nyingine imenuna kabisa. Ila ukirundika majibu 300 sura inajitokeza yenyewe.

Mlio wangu ni njiti ya kiberiti niliyoibandika kwenye karatasi ya spika mbovu, Arduino inaisukuma mara moja kwa sekunde inagusa mguu.

Mgawanyo wa kumbukumbu ulivyo sasa:
programu 342
histogramu ya muda kati ya spaiki 128
histogramu ya baada ya mguso 200, kila moja milisekunde 1
sehemu ya kusubiria kwenda kwenye mkanda 256
yaliyobaki 98

Nimeyahesabu mara tatu kama mtu anayehesabu nauli.

JUMANNE, mvumo

Kabla ya kuendelea nilitaka nijaribu na ile kazi ya mwanzo kabisa, wastani. Kabla hata ya LINC, huko London mwanzoni mwa miaka ya 50, George Dawson alijenga mashine ya kupata wastani wa majibu ya ubongo kwa kutumia kapasita zilizopangwa kwenye swichi inayozunguka, kila kapasita inakusanya kipande chake cha muda. Alafu 1958 Clark huyuhuyu na wenzake wakaja na mashine yao ya kielektroniki ya kazi hiyo hiyo, wakaiita ARC. Siri yake ni moja tu: kelele inakuja bila mpangilio, jibu linakuja palepale kila mara, kwahiyo ukirudia mara 100 kelele inapungua mara 10 na jibu linabaki kama lilivyo.

Mimi sikufika 100. Sampuli inaweza kufika 127, neno la biti 12 lenye alama ya hasi na chanya mwisho wake 2,047, gawanya uone, marudio 16 tu na neno limejaa. Kelele inapungua mara 4. Ukitaka zaidi utumie maneno mawili kwa kila nukta na hapo kumbukumbu inakulilia.

Lakini tatizo halikuwa hilo. Wastani ulivyotoka ukawa na wimbi zuri safi limetulia, nikafurahi, nikamuita mke wangu aje aone neva. Ilikuwa umeme wa TANESCO. Gridi ni hezi 50, mimi nagusa mguu kila sekunde moja kamili, kwahiyo kila mguso unakuta mvumo upo karibu hatua ileile, na wastani ukauona mvumo nao kama "jibu linalokuja palepale". Nimeufanyia mvumo heshima badala ya kuufuta. Nimebadilisha Arduino iguse kwa vipindi visivyo sawa, mara sekunde 0.9 na kitu, mara 1.1 na kitu, wimbi likayeyuka.

JUMANNE usiku

Umeme umekatika saa mbili. Laptopu ina betri, amplifaya ina betri, nyumba nzima giza, mvumo sifuri. Nimechukua mende wa pili nikarekodi mpaka saa nne. Ndio rekodi safi kuliko zote nilizonazo. Majirani wanalalamika nje, mimi ndani naomba usirudi.

IJUMAA, kitu kinaniudhi

Histogramu ya baada ya mguso inatakiwa kuwa na kilima chembamba. Dakika ya kwanza ya rekodi ninakipata, kimesimama upande wa kushoto kama kichuguu. Nikiweka dakika tano zote kilima kinalala chini, kinatambaa kwenda kulia mpaka karibu milisekunde 90.

Nimeulaumu mguu, umechoka. Nimeongeza maji ya chumvi kwenye jeraha, nimerekodi upya, kilekile. Nikalaumu njiti, labda gundi imelegea inachelewa kugusa. Nikaibandika upya. Kilekile.

JUMAMOSI, bado

Bado.

JUMAPILI, nimeipata, na sijui nicheke au nilie

Nilichofanya hatimaye ni kitu cha kijinga ambacho ningekifanya siku ya kwanza: nimekata rekodi vipande vya dakika moja moja na kuchora kila kimoja peke yake. Vilima vitano, vyote vyembamba, vyote sura moja, ila kila kimoja kimesogea kulia kwa milisekunde 14 na kitu kutoka kwa mwenzake. Sawasawa kabisa, kama mabati ya paa. Mguu hauchoki kwa mstari ulionyooka hivyo. Hiyo ni hesabu, si nyama.

Sasa sikilizeni. LINC inajumlisha kwa mtindo ambao hasi inapatikana kwa kugeuza biti zote. Wanaandika kwa namba za msingi wa nane, kwahiyo 5 ni 0005 na hasi 5 ni 7772. Mtindo huo una madhara yake: ukigeuza 0000 unapata 7777, ambayo nayo ni sifuri, sifuri hasi. Mashine ina sifuri mbili. Na ukijumlisha mpaka ikafurika, ile moja iliyomwagika kushoto inazunguka inarudi kuongezwa kulia. Kwahiyo kihesabio changu cha muda kilikuwa kinakwenda 7775, 7776, 7777, alafu 0001. Ile 0000 hakirudi kuigusa tena maisha yake yote. Mzunguko mmoja ni hatua 4,095, na mimi kwenye sehemu ya kusoma mkanda niliandika 4,096 kwa sababu ndivyo kichwa changu cha karne hii kinavyojua biti 12.

Hatua moja ya uongo kila mzunguko, sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Dakika moja ina mizunguko 146 hivi. 146 mara 0.1 ni milisekunde 14.6. Nimeikokotoa kwenye karatasi, nikaweka kalamu chini, nikatoka nje nikakaa kibarazani.

Marekebisho nimeyapenda. Sijaikimbia sifuri hasi, nimeipa kazi. Kihesabio kikifika 7777 bila spaiki, programu inaandika hiyo 7777 yenyewe kwenye mkanda, ikimaanisha "milisekunde 409.5 zimepita kimya, endelea kuhesabu", alafu inafuta kihesabio kianze 0000 halisi. Muda wa kweli hauwezi kamwe kuwa 7777 kwahiyo hakuna kuchanganya. Imekula maneno 6. Dakika tano zote zimerudi kuwa kilima kimoja, chembamba, kirefu, kinatoboa kioo.

Yaliyobaki 92. Sijaicheza ngoma ila nimetembea kuizunguka meza mara moja, hakuna aliyeniona.

JUMATATU, nje ya kazi kidogo

Nilikuwa nalalamika kwamba kuandika programu ya mashine usiyonayo ni mateso, alafu nikamkumbuka Mary Allen Wilkes. Yeye alitengeneza mwigo wa LINC kwenye kompyuta nyingine, TX-2, wakati LINC yenyewe bado inabuniwa, yaani alikuwa anaiendesha mashine ambayo haijazaliwa. Timu ilipohamia St. Louis yeye akapelekewa LINC nyumbani kwa wazazi wake Baltimore, na 1965 akawa anaandika pale mfumo wa LAP6, uliomuwezesha mtafiti kuandika na kusahihisha programu palepale kwenye kioo huku maandishi yakihifadhiwa kwenye mkanda, kwenye mashine ambayo hapo ilikuwa imeongezwa mpaka maneno 2,048. Alafu akaacha kompyuta akaenda kuwa mwanasheria. Watu wanaongelea kufanya kazi kutoka nyumbani kama uvumbuzi wa juzi.

Na nikiwa hapohapo: kiangazi cha 1963 watafiti waliopewa LINC kwa majaribio waliitwa waje waziunganishe kwa mikono yao wenyewe. Mtu wa paka na mtu wa moyo wanafunga paneli. Hilo nimelipenda kuliko yote, maana kwenye kazi yangu vifaa vinakuja vimefungwa na stika ya "usifungue", na kikiharibika unaambiwa usubiri mtu wa nje.

ALHAMISI

Mchoro wa nukta. Kila mguso mstari mmoja, kila spaiki nukta moja, miguso 300 inapangwa kutoka juu kwenda chini. Kioo nukta 512 kwa 512 kwahiyo inaenea bila kubana. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji kuhifadhi chochote, unasoma bloku ya mkanda, unachora, unasahau, unasoma inayofuata. Maneno 51 nimetumia. Yaliyobaki 41.

Histogramu ilikuwa imenificha kitu. Kwenye nukta inaonekana wazi kwamba miguso ya mwanzo 20 hivi mguu unajibu kwa spaiki tano sita, alafu taratibu zinapungua mpaka mbili, na ile ya kwanza inabaki palepale haichelewi. Kwahiyo uchovu upo kweli, ila haukuwa ule niliokuwa nausingizia wiki iliyopita. Dogo kauliza mbona kuna mstari mmoja mweupe kabisa katikati, hauna hata nukta. Nimetazama muda wake kwenye rekodi. Ni pale alipopiga chafya njiti ikatoka.

JUMAMOSI

Namba kwenye mhimili. Herufi za LINC zinachorwa kwa nukta 4 kwa 6, biti 24, yaani maneno mawili kwa kila herufi, kwahiyo tarakimu kumi ni maneno 20. Nimezichora moja moja kwenye karatasi ya hesabu ya dogo, ile ya viboksi. Namba 8 imenisumbua, kwenye upana wa nukta nne inafanana na B, nimeiacha hivyohivyo.

Yaliyobaki 21. Nilitaka kutenganisha spaiki kubwa na ndogo, lakini kwa maneno 21 labda nilinganishe kilele tu, kubwa upande huu ndogo upande huu, au niifute histogramu ya muda kati ya spaiki ambayo sijaiangalia tangu Jumanne. Nalala nayo. Mende wapo watatu kwenye kopo, mke wangu kaniambia mwisho Jumatatu.